Jani Lenye Nyuzi

Ukienda leo kwa Khavere kununua shubiri, jiandae kungoja. Hatakuuzia mpaka avunje jani moja mbele ya macho yako, alivute huku na huku, akuonyeshe ute ulivyo laini usio na hata uzi mmoja. Wateja wengine hukasirika. Mtu ana haraka zake, anataka mmea wa kuweka dirishani, na hapa kuna mama anamfanyia mtihani wa sayansi kando ya barabara. "Mimi nataka maua tu, mama, sitaki somo," humwambia. Khavere huomba msamaha, kisha huvunja vilevile. Anajua vizuri kwamba mmea ukishavunjwa jani hupoteza sura, na kwamba katika kazi yake sura ndiyo biashara yenyewe. Havunji kwa kutojua.

Watu wa mtaa wetu wa Mbotela wanajua sababu. Wenye adabu hawaulizi. Wasio na adabu hungoja wapite hatua tano ndipo wacheke.

Khavere ana miaka hamsini na minane, na thelathini kati ya hiyo ameitumia kuuza miche na maua kando ya Jogoo Road, kwenye kipande cha ardhi kati ya mtaro na ukuta ambacho hakuna anayejua ni cha nani. Askari wa kaunti, hao tunaowaita kanjo, wamemfukuza hapo mara nyingi, na kila mara amerudi kesho yake na kumwagilia kama vile hakuna kilichotokea. Mume wake, Andati, alikuwa fundi wa rangi. Alipofariki, hakumwachia mtoto, maana hawakujaliwa, wala hakumwachia shamba. Alimwachia chumba cha kupanga na makopo matupu ya rangi yaliyojaa uvunguni mwa kitanda. Mwanamke akayatoboa matundu chini, akayajaza udongo na samadi, akapanda vipande vya maua alivyookota kwenye takataka za watu wenye bustani. Ndivyo alivyoanza.

Jina la Mama Maua alilipata mwaka wa kwanza. Sifa ya uganga ilikuja baadaye, na hiyo ndiyo iliyomponza. Siku moja mteja alimuuliza kama mmea fulani unatibu kikohozi, na Khavere, ili tu auze, akajibu, "Kwetu tulikuwa tunautumia. Mama yangu alikuwa mtu wa dawa za miti." Ulikuwa uongo mdogo, mwepesi, wa kusukuma siku. Mama yake alikuwa akichuma majani ya chai katika mashamba ya watu kule Nandi, na dawa pekee aliyoijua ni ya maumivu ya mgongo, ile inayouzwa dukani. Lakini mteja yule alipona kikohozi, kama vikohozi vinavyopona vyenyewe, akamwambia mwenzake. Mwaka ukapita, na mwingine, na watu wakawa wanatoka hata Majengo na Baba Dogo kumuuliza Khavere majani ya hili na mizizi ya lile. Naye hakukanusha. Nani atakanusha sifa inayompa heshima? Alijifunza kuinamisha kichwa kidogo kabla ya kujibu, na kulisugua jani kati ya vidole na kulinusa. Ukimtazama ungeapa kwamba ni mganga, mtoto wa mganga.

Sasa miaka sita iliyopita, chumba cha jirani kilipata wapangaji wapya: kijana anayeitwa Irungu, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni huko Baba Dogo, na mke wake Mukami, msichana mwembamba ambaye hakuwa hata na ishirini. Mukami alikuwa amempoteza mama yake tangu akiwa shule ya msingi. Alikuja na sufuria mbili na woga mwingi. Wiki ya kwanza aliunguza ugali, moshi ukajaa ukumbini, na Khavere akaingia bila kubisha, akafungua dirisha, akashika mwiko. Kuanzia siku hiyo Mukami alimwita Mathe.

Si neno kubwa. Nusu ya watu wa Eastlands, mitaa yetu hii ya mashariki ya jiji, huwaita mama zao hivyo. Lakini Khavere alilisikia kwa sikio la mtu ambaye hakuwahi kuitwa, na kila akiitwa aliitikia upesi kupita kiasi. Walipika pamoja, wakafua pamoja, wakaenda kanisani wakikaa benchi moja. Wakaanza kufunga vitambaa vya kichwa namna moja. Wakaanza kucheka namna moja, mkono mdomoni. Mtu wa Kakamega na mtu wa Murang'a, damu haziko karibu hata kidogo, lakini wageni waliokuja mtaani walikuwa wakisema, "Huyu binti amemtoa mama yake kabisa." Khavere hakuwasahihisha. "Kwani mlitaka afanane na nani?" alikuwa akijibu, na Mukami anacheka, mkono mdomoni.

Mtoto alipozaliwa, Khavere ndiye aliyekuwa nje ya mlango wa wodi tangu alfajiri. Alikuwa msichana, na kwa desturi ya kwao Irungu akampa jina la mama yake mzazi: Waringa. Kwa hiyo kulikuwa na Waringa wawili, mkubwa aliyebaki Murang'a na kahawa yake, na mdogo aliyelala kifuani kwa Khavere akinuka maziwa.

Waringa mdogo alipofika miaka miwili na miezi mitatu, alikuwa bado ananyonya, tena kwa fujo. Mukami alikuwa amepata kazi ya kushona nguo katika soko la Gikomba, na ilikuwa lazima mtoto aache ziwa.

"Mathe, nimejaribu kila kitu," alisema Mukami jioni moja. "Nikimnyima analia mpaka majirani wanagonga ukuta."

"Paka shubiri," Khavere akamwambia. "Kidogo tu kwenye chuchu. Akionja ule uchungu, siku mbili tatu hataki tena. Watoto wote wa kwetu waliachishwa hivyo."

Hilo lilikuwa kweli. Wanawake wengi wamefanya hivyo, na shubiri haijamdhuru mtu. Wateja wa Jogoo Road huiita alovera, wengine huitia kwenye maji ya kuku, wengine hujipaka usoni. Khavere akaenda kwenye makopo yake, akachagua mmea mnene wenye majani ya kijani kibichi yaliyokaa kwa mduara, miiba midogo pembeni, akaupeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa Mukami. Hakutaka kulipwa.

Hapa inabidi turudi nyuma wiki mbili, kwa sababu mmea ule ulikuwa na historia, na Khavere aliijua.

Ulitoka kwenye gunia la Wafula. Wafula ni kijana wa kubomoa nyumba za zamani. Nyumba moja kubwa yenye bustani ilikuwa inavunjwa ili lijengwe ghorofa, naye akang'oa vichipukizi thelathini na kumletea Khavere. "Alovera, Mama Maua, tena ya wadosi, matajiri wenyewe," alisema. Khavere akavitazama. Umbo lilikuwa lilelile: majani manene, mduara, miiba. Akavipanda. Hakuvunja hata jani moja, kwa sababu hakuna muuza maua anayevunja mali yake.

Aliyesimama hapo siku ya tatu alikuwa Mwalimu Mugo. Huyu alifundisha biolojia miaka mingi, sasa amestaafu, na kila asubuhi hupita akitembea kwa ajili ya presha, mkononi fimbo asiyoihitaji. Ana tabia ya kusimama na kusahihisha. Wauza matunda humkimbia. Siku hiyo kulikuwa na wateja watano kwa Khavere, na Mwalimu akainama juu ya vile vichipukizi kwa muda mrefu.

"Mama Khavere," alisema, "hii si alovera."

"Ni nini, basi, Mwalimu?"

"Hii ni jamaa ya mkonge. Asili yake ni Meksiko huko ng'ambo. Ukoo wa alovera ni wa kwetu Afrika. Hazijuani kabisa. Moja imekulia upande huu wa dunia, nyingine upande ule, lakini zote mbili zimeishi penye jua kali na mvua haba, kwa hiyo kila moja peke yake ikajifunza kuweka maji kwenye jani na kuota miiba ili isiliwe. Ndiyo maana zinafanana. Si undugu, ni shida moja." Akaona wateja wanamtazama, akanogewa. "Simama nje ya lango la shule saa kumi. Watoto wote wamevaa sweta moja. Je, ni ndugu? Popo ana mabawa na ndege ana mabawa, lakini popo ananyonyesha. Hivi vitu viko vingi. Vunja jani uone. Alovera ndani ni ute mtupu. Hii ndani ina nyuzi, na maji yake yanawasha vibaya sana."

Ingemgharimu nini kuvunja jani moja? Khavere amejiuliza hilo mara nyingi tangu wakati huo, akiwa anachota maji, akiwa anapepeta mchele, akiwa kanisani wakati wengine wameinamisha vichwa. Jani moja! Lakini wateja watano walikuwa wanamtazama yeye, mtoto wa mganga, kuona kama atafundishwa kazi na mzee wa chaki. Akainamisha kichwa kidogo kama kawaida yake. Akalisugua jani. Akalinusa.

"Mwalimu," alisema, "wewe uliyasoma haya kwenye kitabu. Mimi niliyanyonya. Nenda ukawafundishe popo wako."

Wateja wakacheka sana. Mmoja alishika tumbo. Mwalimu Mugo alitabasamu kwa adabu, akaitazama fimbo yake, akaenda zake. Hakupita njia hiyo tena. Alianza kutembea upande wa pili wa barabara. Khavere aliiona fimbo ile ikipita ng'ambo kila asubuhi, na mwanzoni ilimfurahisha.

Mukami alikata jani Jumatano asubuhi. Akapaka. Alihisi kuwashwa, akadhani ndiyo dawa inavyofanya kazi, maana Mathe alikuwa amesema ni kali. Mtoto akanyonya.

Kelele zile zilisikika mpaka kwenye bomba la maji. Khavere hakuwapo, alikuwa kwenye maua yake. Midomo ya mtoto ilivimba, ulimi ukavimba, mate yakawa yanatiririka na hawezi kuyameza. Mukami alikimbia naye mpaka kliniki, kanga begani, miguu peku. Wakamwosha mdomo, wakampa dawa, wakamweka mpaka jioni kuhakikisha anapumua vizuri. Muuguzi akamuuliza mama amempaka nini.

"Alovera."

"Alovera haifanyi hivi. Sema ukweli. Ulipaka pilipili?"

Kwa sababu wapo wanaopaka pilipili, na muuguzi alikuwa amewaona. Mukami alilia tu. Kwenye kadi ya mtoto yakaandikwa maneno machache, na miongoni mwao neno pilipili, na alama ya kuuliza mbele yake.

Irungu alifika kwa Khavere kesho yake, bado na vumbi la sabuni kwenye viatu. Kulikuwa na wateja tena. Daima kulikuwa na wateja.

"Mathe, pole kwa kukusumbua," alisema. "Ile alovera ulimpa Mukami, ilikuwa sawa? Kule kliniki wanasema haiwezi kuwa ni hiyo."

Maneno ya Mwalimu yalimrudia Khavere yote, neno kwa neno, kama aliyekuwa ameyahifadhi. Alijua. Hakuwa amevunja jani lolote bado, lakini alijua. Akafungua mdomo kusema, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Alovera yangu watu wanakunywa, Irungu. Muulize mke wako aliongeza nini."

Irungu aliinamisha macho. "Sawa, Mathe," alisema. Alikuwa kijana mtulivu, asiyebishana na watu wazima, akaenda.

Wateja walipoondoka, Khavere aliingia nyuma ya turubai, akachukua kopo moja la yale ya Wafula, akavunja jani. Halikuvunjika vizuri. Ilimbidi alizungushe na kulivuta, na lilipoachana, nyuzi nyeupe zilibaki zikining'inia kati ya vipande viwili, nyingi na ngumu, nyuzi za kushonea gunia. Maji yake yalimdondokea kwenye mkono. Kabla hajamaliza kufunika makopo, mkono ulikuwa unawaka.

Aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua. Hata njaa ya mwaka ule aliofiwa haikumfanya hivi. Masikio yalimchoma. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufunika uso kwa aproni, akajiambia atakwenda kusema leo hii. Kisha akafikiria uso wa Irungu. Akafikiria wale wateja watano. Akafikiria ile fimbo ng'ambo ya barabara. Akajiambia kesho.

Kesho ilipofika, habari ilikuwa imeshafika Murang'a. Waringa mkubwa alipiga simu: mtoto mwenye jina lake ametiwa pilipili mdomoni na mama yake mwenyewe. Angekuja Jumamosi kumchukua, amlee huko mpaka huyo msichana ajifunze umama, kama atajifunza. Irungu hakuweza kumpinga mama yake. Mtaa mzima ulijua. Kwenye bomba wanawake walinyamaza Mukami alipokuja na ndoo, na Khavere, aliyekuwa kwenye foleni hiyohiyo, alinyamaza pamoja nao. Alitazama maji yakijaa. Mtu akamtupia neno, "Wewe, Mama Maua, si ulimlea huyu? Hukumwambia pilipili ni mbaya?" Naye akatingisha kichwa tu, mtingisho ambao kila mtu angeweza kuuelewa anavyotaka. Baadaye, chumbani, alitema mate, kana kwamba mtingisho ule ulikuwa chakula kibovu.

Jumamosi asubuhi mlango wake ukabishwa. Alikuwa Mukami. Macho yalikuwa yamevimba, na alijishika kifua kwa uangalifu, kwa sababu malengelenge yake mwenyewe hayakuwa yamepona na hakuna aliyemuuliza habari zake.

"Mathe, naomba ule mfuko wako mkubwa," alisema. "Wa kuweka nguo za mtoto."

Khavere alivuta mkono wa sweta yake mpaka vidoleni.

"Nimefikiria sana," Mukami akaendelea. "Siku ile asubuhi nilikuwa nimekata pilipili ya kachumbari. Nilinawa, lakini labda sikunawa vizuri. Lazima ni mimi. Alovera yako haina shida, Mathe, hata nilimwambia Irungu asikuulize vitu kama hivyo. Nisamehe alikuaibisha mbele ya watu."

Na Khavere, Mungu amsamehe, alinyanyuka, akautoa mfuko chini ya kitanda, akaukung'uta vumbi, akampa.

Alibaki amesimama katikati ya chumba. Kupitia ukutani alisikia droo zikifunguliwa. Alisikia sauti ya Waringa mkubwa, aliyekuwa ameshafika, ikiuliza kama mtoto ana sweta nzito. Alisikia Mukami akijibu kwamba anayo, ila imechakaa kwenye viwiko, na sauti ilikuwa ya mtu anayejitahidi kuwa msaidizi mwema katika kuporwa kwake mwenyewe. Hapo ndipo Khavere alipovua kile kisweta alichokivaa siku tatu kuficha mkono, akatoka, akaenda kwenye ukuta wa nje alipokuwa ameficha kopo moja la ile mimea ya Wafula, akalibeba.

Ndani kwa Irungu, Waringa mkubwa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, pochi magotini, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa, mwanamke wa kahawa na kanisa. Irungu alisimama karibu na dirisha akitazama nje. Mtoto alikuwa sakafuni na kikombe cha maziwa, midomo inabanduka ngozi. Mfuko mkubwa ulikuwa umejaa nusu.

"Mama, karibu," alisema Waringa mkubwa. "Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kusema," Khavere alijibu. Akalishika jani, akalizungusha, akalivuta.

Mtoto aliliona lile jani la kijani. Akaangusha kikombe, akajifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, akarudi nyuma kwa matako mpaka akagonga miguu ya Mukami. Hakulia. Alimtazama tu Khavere kwa macho makubwa juu ya vidole vyake.

"Hii si alovera," alisema Khavere. "Tazameni, ina nyuzi. Ni jamaa ya mkonge, inafanana tu. Maji yake yanaunguza." Akanyoosha mkono, wakauona wekundu na malengelenge kutoka kifundo mpaka kiwiko. "Mukami hakuweka pilipili. Hakuweka chochote. Mimi ndiye niliyempa. Niliambiwa mapema na mtu anayejua, nikamcheka mbele ya watu. Na Irungu aliponiuliza, nilimdanganya. Hata mama yangu hakuwa mganga. Alikuwa mchuma chai."

Kile cha mwisho hakuna aliyekiuliza, lakini alipoanza kutoa alitoa vyote.

Irungu aligeuka kutoka dirishani. Mukami alikuwa ameshika soksi moja ya mtoto na hakuitia mfukoni wala hakuiweka chini.

Waringa mkubwa hakupandisha sauti. Alitazama nyuzi, akautazama mkono, kisha akautazama mfuko ule pale sakafuni.

"Huu mfuko ni wa nani?" aliuliza.

"Ni wangu."

"Ulijua, na ukampa huyu msichana mfuko wa kufungia nguo za mtoto wake?"

"Ndiyo," alisema Khavere.

Mwanamke yule alisimama. Alimwambia Mukami maneno machache kwa Kikuyu, polepole, na Mukami akaanza kulia, lakini safari hii kilio kilikuwa kingine. Kisha akainama na kuanza kutoa nguo mfukoni, moja moja, akizikunja na kuzirudisha kwenye droo. Hakuna aliyemfukuza Khavere. Alitoka mwenyewe.

Mchana ule aling'oa vichipukizi vyote vilivyobaki, akavichoma. Alizunguka mtaani kuvitafuta vile alivyouza, nyumba kwa nyumba, akirudia maneno yaleyale mlangoni, na kila mlango ulikuwa mzito kuliko uliotangulia. Kwa mfuga kuku mmoja, mama aitwaye Nasambu, alikuta mmea ukiwa bado haujaguswa, akashukuru kwa sauti mpaka Nasambu akacheka. Wengine hawakucheka. Mwisho alivuka barabara, akamngoja Mwalimu Mugo upande wake wa ng'ambo, akamwambia yote amesimama, bila kuinamisha kichwa kwa ule mtindo wake.

Mwalimu alisikiliza. "Mmea haukudanganya mtu," alisema mwishowe. "Umbo lile ni njia yake ya kuishi tu. Kosa ni kutovunja jani." Hakusema kwa ubaya. Hata alimwambia angepita kesho kuona kama kuna mengine yenye shaka. Lakini Khavere alitamani amtukane kidogo. Ingemsaidia.

Usije ukadhani anajipenda sana; ujue kwamba hilo la umbo alilitafakari jioni nzima. Miaka yote hiyo alikuwa amefunga kitambaa cha mama, akacheka kicheko cha mama, akaitikia jina la mama. Mtu yeyote angeapa. Na siku alipovunjwa, ndani yake zilitoka nyuzi. Mama wa kweli angesema Alhamisi, pale pale mbele ya wateja, kabla Irungu hajamaliza swali. Aliwaza hivyo, na hakujaribu kujitetea.

Jumapili asubuhi alikuta mfuko wake umetundikwa kwenye msumari wa mlango. Ulikuwa umefuliwa na kukunjwa vizuri.

Alichukua ndoo, akaenda bombani. Mukami alikuwa hapo tayari, mtoto mgongoni, uso umepumzika kama wa mtu aliyelala usiku wa kwanza baada ya siku nyingi. Waringa mdogo alimwona Khavere akaficha uso kwenye shingo ya mama yake. Khavere alisimama mbali kidogo.

Mukami alijaza ndoo yake. Akaisogeza, akaishika ya Khavere, akaiweka chini ya maji, kwa sababu ni mtoto mwenye adabu na aliyefunzwa vizuri. Kisha akajitwika yake, akageuka, akamtazama usoni bila hasira yoyote.

"Habari ya asubuhi, Mama Maua," alisema, akapita.